Feri Ndiyo Inayoshika Nauli ya Handaki

Mlangobahari wa Dover, pale unapobana zaidi, una upana wa kilomita 33 hivi. Mwenye gari ana njia mbili kuu za kuupita. Anaweza kupanda feri Dover na kushukia Calais au Dunkerque, au akaliingiza gari ndani ya behewa la treni Folkestone na kutokeza Coquelles, jirani na Calais, dakika 35 baadaye. Kila mara shule za Uingereza zinapofunga, jamaa zetu wanaoishi huko huniuliza ipi ni bora. Wapo wanaokwenda harusini Brussels, wapo wanaowahi msiba Paris, na wapo Wakongo wa Ubelgiji wanaovuka kuja kuwaona ndugu zao London. Karibu wote wameanzia mahali pamoja: wamefungua simu, wameona bei mbili, ya handaki iko juu, na wanataka niwaambie kama tofauti ile ni halali.

Msimamo wangu ni huu. Tiketi hizo mbili haziuzi kitu kimoja, na anayezipima kwa bei tupu anajipunja. Handaki linauza muda, pamoja na ratiba isiyojali upepo. Feri inauza nafasi, mapumziko ya dereva, na wingi wa vyombo, kwamba kimoja kikiharibika kingine kipo. Kubwa zaidi ni kwamba nauli ya handaki inashikwa na feri. Siku feri zitakapopungua Dover, mwenye gari atalipa zaidi Folkestone. Na siku handaki litakapofungwa, atagundua kwamba uhakika aliokuwa akiununua miaka yote ulikuwa umeegemea meli ambazo hakuwahi kuzipanda.

Tuanze na fedha, maana humo ndimo mengi yamejificha. Handaki lina urefu wa kilomita 50.45, na kama 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Malkia Elizabeth wa Pili na Rais François Mitterrand walilifungua tarehe 6 Mei 1994. Lilijengwa kwa fedha za watu binafsi na mabenki, gharama zikapita makadirio kwa asilimia 80 hivi, na kampuni ya Eurotunnel ikabeba deni lililoielemea mpaka mwaka 2007, wadai walipokubali kulipunguza kwa takriban nusu. Gharama ya namna hii ina tabia yake. Karibu fedha yote ilikwisha kutumika kabla ya gari la kwanza kuvuka. Kupitisha treni moja ya ziada leo kunahitaji umeme, wafanyakazi wachache na uchakavu kidogo wa reli, basi. Kwa hiyo kinadharia handaki lingeweza kuuza tiketi kwa bei ya chini kuliko meli yoyote, na bado lipate chochote juu ya gharama ya safari ile.

Wengi walitabiri kwamba hilo ndilo litakalotokea na kwamba feri zitakufa. Katikati ya miaka ya 1990 pande mbili zilishushiana bei kwa nguvu. Mwaka 1998 kampuni za feri za P&O na Stena ziliunganisha huduma zao za Dover ili zipumue, na mwaka 2000 hovakrafti zilizokuwa zikivuka pale tangu 1968 zikaondolewa. Lakini feri hazikufa, na sababu imo katika namna handaki linavyopanga bei. Lina deni la kulipa, lina wanahisa, na linajua kwamba wateja wake wanathamini saa. Halina haja ya kuuza kwa gharama ya treni moja. Linauza kwa bei ya juu kabisa ambayo mteja ataivumilia kabla ya kugeuza gari na kwenda Dover. Dari ya nauli yake, kwa maneno mengine, ni nauli ya feri ukiongeza thamani ya muda unaookolewa na hofu ya kichefuchefu baharini. Feri ikipanda, dari inapanda nayo. Feri ikitoweka, dari inabaki kuwa uwezo wa mfuko wa msafiri peke yake.

Ushahidi upo kwenye kumbukumbu za wasimamizi wa ushindani wa kibiashara wa Uingereza. Kampuni ya feri ya SeaFrance ilipofilisika mwanzoni mwa 2012, Eurotunnel ilinunua meli zake tatu na kuzikodisha kwa ushirika wa wafanyakazi waliokuwa wakiziendesha, kwa jina la MyFerryLink. Abiria wengi walifurahi: meli zimebaki, ajira zimebaki. Wasimamizi walipiga hesabu nyingine. Mmiliki wa handaki akimiliki na meli, atakuwa ameshika zaidi ya nusu ya soko, na bei zitapanda. Mvutano wa mahakamani ulichukua miaka, na huduma ile ikaishia katikati ya 2015. Uamuzi wa wasimamizi wa kuizuia uliwaumiza mabaharia wa Calais, na kilio chao kilikuwa cha haki. Hata hivyo hoja ya kiuchumi ilikuwa sahihi: nani angeshusha nauli ya meli ili kumpunguzia mapato mwenye handaki, iwapo mwenye meli na mwenye handaki ni mtu mmoja?

Feri nayo ina hesabu ya aina nyingine kabisa. Kila safari inakula mafuta, mishahara ya mabaharia na ushuru wa bandari mbili. Kwa muda mrefu pengo lilizibwa dukani. Abiria anakaa ndani ya meli dakika 90, anakula, ananunua manukato, sigara na mvinyo. Ndiyo maana kufutwa kwa bidhaa zisizotozwa ushuru ndani ya Umoja wa Ulaya, kati ya tarehe 30 Juni na 1 Julai 1999, kulikuwa pigo kubwa kwa feri. Sehemu ya nauli iliyokuwa ikilipwa na mnunuzi wa pombe ikabidi itafutwe mahali pengine. Uingereza ilipotoka kikamilifu kwenye soko la Ulaya, Januari 2021, maduka hayo yakarudi, na mwaka huohuo Irish Ferries ikaingia kwenye njia ya Dover na Calais kama kampuni ya tatu, pamoja na P&O na DFDS. Kampuni tatu kwenye gati zilezile: hilo ndilo linalomfaidisha hata yule anayeapa kwamba yeye hapandi meli.

Sasa bei yenyewe. Chukua namba za mfano, si za leo wala za kesho: feri pauni 120, handaki pauni 180. Tofauti ni pauni 60, na unachokipata ni saa moja hivi. Dereva aliye peke yake amelipa pauni 60 kwa saa. Gari lenye watu watano limelipa pauni 12 kwa kila mtu. Handaki hutoza gari, hata likiwa na watu tisa ndani, ilhali kwenye feri idadi ya abiria mara nyingi huingia katika hesabu. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako anayesafiri peke yake hauwezi kukufaa wewe mwenye watoto wanne na mama mkwe, hata kama mnakwenda mji mmoja siku moja. Familia kubwa ndiyo inayofaidi handaki, nayo ndiyo inayolikwepa zaidi kwa sababu inatazama jumla badala ya kugawa.

Bei hiyo pia haikai mahali pamoja. Pande zote mbili hupanga nauli kwa saa ya kuondoka, siku ya juma, msimu, na jinsi nafasi zinavyojaa. Safari ya alfajiri ya Jumatano na ile ya Jumamosi asubuhi shule zikifunga zinaweza kupishana kuliko feri na handaki vinavyopishana siku moja. Anayesema handaki ni ghali huenda alilinganisha feri ya usiku wa manane na treni ya saa tatu asubuhi. Tena kuna mtego wa urefu wa safari: tiketi ya kwenda na kurudi ndani ya siku chache huuzwa kwa punguzo, kwa kuwa inamlenga mtu ambaye asingesafiri bila punguzo hilo. Ukikawia huko zaidi ya siku ulizonunua, utadaiwa nyongeza. Msiba, kwa mfano, hauna ratiba. Kwa safari ya msiba mimi hushauri tiketi inayobadilishika, hata kama macho yanaumia kuitazama bei yake.

Ongeza pia yale yasiyoandikwa kwenye tiketi ya chombo chochote. Raia wa Ubelgiji au Ufaransa anayevuka kwenda Uingereza anahitaji kibali cha kielektroniki tangu Aprili 2025, na ada yake ilifika pauni 16 kwa kila kichwa mwezi huohuo, watoto wakiwemo. Kwa ada hiyo familia ya watano ililipa pauni 80 kabla ya lita moja ya mafuta. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na ukazi wake wa Uingereza haumwondolei sharti hilo. Anayekwenda Ubelgiji apime pia njia ya Dunkerque: feri huchukua saa mbili badala ya moja na nusu, lakini inamshusha karibu zaidi na mpaka wa Ubelgiji. Na mwenye gari linalotumia gesi ya LPG asipoteze muda kutafuta tiketi ya handaki, kwa sababu magari hayo hayaruhusiwi kuingia.

Nageukia uhakika wa safari, na hapa ndipo ninapokosana na watu wengi. Kauli ya kawaida ni kwamba handaki ni la uhakika na feri ni bahati nasibu. Kauli hiyo inachanganya mambo mawili: mara ngapi chombo kinachelewa, na kinapochelewa, kinachelewa kiasi gani. Fikiria huduma mbili kwa mwezi wa siku 30. Ya kwanza inachelewa dakika 20 kila siku. Ya pili inafika kwa wakati siku 29, kisha siku ya 30 inakwama saa kumi. Wastani wa zote mbili ni uleule, dakika 20. Lakini ya kwanza imekuharibia kidogo tu, unaondoka nyumbani mapema na yamekwisha. Ya pili haikukuharibia chochote mpaka siku ilipokuharibia kila kitu. Feri inafanana na ile ya kwanza, handaki na ile ya pili, na mwenye kuchagua anapaswa kujiuliza ni ucheleweshaji wa aina gani anaoweza kuumudu.

Upepo mkali ukivuma, meli hungoja nje ya kuta za bandari, ratiba inasogea, na mara chache bandari inafungwa kwa saa kadhaa. Bahari ikitulia, meli huanza tena moja baada ya nyingine. Meli moja ikiharibika mtambo, nyingine zinaendelea. Handaki halijui upepo. Lina mapito matatu: mawili ya treni na moja katikati la huduma na uokoaji, pamoja na njia panda mbili chini ya bahari zinazowezesha treni kuhamia reli ya pili kipande kimoja kikifungwa. Usanifu huo ni wa akili sana. Lakini treni zote, za magari, za malori, za Eurostar na za mizigo, zinatumia reli hizohizo mbili, na kipande kimoja kikifungwa uwezo wa njia nzima unashuka vibaya.

Moto wa tarehe 11 Septemba 2008 ulianzia kwenye treni ya malori, ukawaka kwa saa 16 hivi, na huduma kamili haikurudi mpaka Februari 2009. Moto wa Novemba 1996 nao ulianzia kwenye lori. Hakuna aliyefariki katika yote miwili, na hilo ni sifa kwa pito la katikati na kwa waokoaji. Baada ya hapo vilijengwa vituo vinne vya kuzimia moto kwa ukungu wa maji ndani ya handaki. Agosti 2022 treni ya magari iliyokuwa ikitoka Calais ilikwama, na abiria wakatembezwa kwa miguu katika pito la huduma, wengine wakakaa chini huko kwa saa nyingi. Tarehe 21 Desemba 2023, siku chache kabla ya Krismasi, mgomo wa ghafla wa wafanyakazi wa upande wa Ufaransa ulisimamisha kila kitu kuanzia mchana hadi jioni. Haya hayatokei kila mwezi. Yanapotokea, anayeokolewa na feri ni yule aliyewahi, maana nafasi zinajaa upesi na bei iliyobaki inapaa.

Mtu atasema feri nazo zimewahi kuwatupa abiria. Ni kweli, na mfano wake unauma. Tarehe 17 Machi 2022 P&O Ferries iliwafukuza kazi mabaharia 786 kwa siku moja, bila kushauriana nao wala na vyama vyao, ili iweke watu wa wakala. Mkuu wa kampuni aliwaambia wabunge kwamba wastani wa malipo ya wapya utakuwa pauni 5.50 kwa saa, wakati kima cha chini cha kisheria nchini Uingereza kilikuwa pauni 8.91. Meli zake za Dover na Calais zilisimama kwa wiki kadhaa. Abiria wengi walielekezwa DFDS, mpaka Pasaka ilipokaribia na nafasi zikaisha, malori yakapangwa barabarani Kent kwa kilomita nyingi.

Nalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, nauli ya chini iliyojengwa juu ya ujira wa namna ile haina uhakika ndani yake. Chombo kinachoendeshwa na watu waliodhulumiwa kinaweza kuzuiwa na wakaguzi, kugomewa, au kususiwa siku yoyote. Pili, ni aibu kwa msafiri yeyote, na hasa sisi ambao ndugu zetu wengi ni mabaharia, kushangilia punguzo la pauni kumi bila kuuliza nani amelilipa. Uingereza ilipitisha sheria ya mishahara ya mabaharia mwaka 2023, na Ufaransa ikapitisha ya kwake mwaka huohuo. Sheria hizo huenda zikaongeza kidogo nauli ya feri. Mimi naziunga mkono bila kusita.

Kosa jingine la kawaida ni kulinganisha dakika 35 na dakika 90 kana kwamba safari inaanzia na kuishia hapo. Pande zote mbili zinataka ufike mapema, upite kwa maofisa wa nchi mbili, upange foleni ya kupakia. Dereva aliyetoka Manchester anayeelekea Köln lazima apumzike mahali fulani, na ndani ya treni ya handaki hapumziki: anakaa ndani ya gari au kando yake, kisha anatokea moja kwa moja kwenye barabara kuu ya Ufaransa. Kwenye feri ameketi, amekula, amefumba macho. Kwa safari ndefu saa ile ya baharini ni mapumziko ambayo angeyatafuta tu mbele ya safari, pengine mahali pa ghali zaidi. Kwa safari fupi, au kwa mwenye mtoto mdogo anayelala vizuri ndani ya gari, hesabu inageuka na handaki linashinda kwa mbali.

Kinachonisumbua zaidi ni mpaka, kwa sababu ndio unaoharibu saa nyingi na ndio unaolaumiwa kidogo. Kwa mikataba ya nchi hizi mbili, wa Sangatte wa 1991 kwa handaki na wa Le Touquet wa 2003 kwa bandari, polisi wa Ufaransa hukagua pasipoti ukiwa bado kwenye ardhi ya Uingereza, na Waingereza hufanya vivyo hivyo upande wa pili. Kabla ya 2021 ofisa Mfaransa aliitazama tu pasipoti ya Uingereza. Sasa anahesabu siku zako 90 za kukaa ndani ya kila 180, na tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuingiza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha za nyuso. Dover imebanwa kati ya majabali meupe na bahari, na nafasi yake ya kuongeza vibanda ni ndogo. Zidisha nusu dakika kwa kila abiria kwa maelfu ya magari ya siku moja, utaelewa foleni zilizojaa Dover Julai 2022, na Pasaka ya 2023 mabasi yaliposubiri zaidi ya saa 14. Meli zilikuwepo, zenye nafasi. Waliokosekana ni maofisa na vibanda.

Foleni ya mpaka inaikumba Folkestone pia, na ndiyo maana nasema hakuna tiketi inayoweza kukuepusha nayo. Wenye pasipoti zetu wajue kwamba gari zima linasubiri pasipoti moja. Kama watano wanapita haraka na wa sita ana viza inayohitaji kuulizwa maswali, wote sita wamo kwenye maswali hayo. Nyaraka za mwaliko, mahali pa kulala na bima ziwe mkononi mwa abiria, zisiwe kwenye sanduku lililofungwa juu ya gari. Na kuna siku pande zote mbili zinaanguka pamoja: kiangazi cha 2015 migomo ya Calais ilifunga bandari na kuvuruga handaki kwa wakati mmoja. Kwa siku kama hizo tegemeo ni njia ya mbali kidogo, Newhaven hadi Dieppe, Harwich hadi Hoek van Holland, au Hull hadi Rotterdam kwa wanaotoka kaskazini. Familia isiyoweza kukosa harusi izipime njia hizo kabla ya siku ya safari.

Kuhusu haki ya abiria, wengi hawajui kwamba kanuni ya Ulaya namba 1177 ya 2010, ambayo Uingereza iliibakiza kwenye sheria zake, inampa abiria wa meli uchaguzi wa kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa njia nyingine safari ikifutwa au kuondoka kukichelewa zaidi ya dakika 90. Kuna pia fidia ya robo ya nauli kwa kuchelewa kufika kwa saa moja kwenye safari fupi kama hii, na nusu kuchelewa kukizidi mara mbili ya hapo. Ila hali mbaya ya hewa inamwondolea mwenye meli wajibu wa fidia, na foleni ya pasipoti haimhusu kabisa. Yaani sababu mbili zinazokuchelewesha zaidi ndizo zisizolipwa. Kwa kawaida kampuni itakupandisha safari inayofuata ukichelewa kwa foleni, lakini usiku wa hotelini utaulipa mwenyewe.

Nini kifanyike? Kwa msafiri, nimekwisha kusema mengi: gawanya bei kwa vichwa, linganisha saa ileile na siku ileile, kisha uamue kwa gharama ya kuchelewa. Ukienda likizo, nunua ya chini na usihangaike. Ukiwa na ndege ya kuunganisha Brussels au bwana harusi ndani ya gari, vuka jana yake.

Kwa serikali na wasimamizi ninadai zaidi. Kwanza, takwimu za ucheleweshaji zitangazwe kwa saa na kwa chanzo, dakika za mpaka zikitengwa na dakika za mwenye chombo. Leo kila mmoja anamsukumia mwenzake lawama na abiria hana cha kushika. Pili, kuwe na mkataba wa kuokoana wenye nguvu ya sheria: handaki likifungwa, feri zipokee tiketi zake kwa bei iliyopangwa mapema, na kinyume chake. Si haki mtu aliyelipa mwezi mmoja kabla anunue tiketi ya pili kwa bei ya siku ya dharura. Tatu, ushindani wa kampuni tatu Dover ulindwe kama ushindani ulivyolindwa kwenye kesi ya MyFerryLink, pamoja na kima cha chini cha mshahara kwa wote, ili anayeshusha bei aishushe kwa ufanisi. P&O imeonyesha njia moja: meli zake mpya, Pioneer ya 2023 na Liberté ya 2024, zina pua pande mbili, hazigeuki bandarini, zinaokoa muda na mafuta. Watu wa Likoni na Kigamboni wataufahamu usanifu huo mara moja, maana pantoni zao zimefanya hivyo siku zote.

Na kwa kuwa nimefika Kigamboni, somo hili linatuhusu moja kwa moja. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016 kule Kurasini, Dar es Salaam, nilisikia wengi wakisema pantoni ya Magogoni imepitwa na wakati. Mwenye gari alipata njia ya tozo isiyosubiri chombo. Lakini muuza samaki, mwanafunzi na karani wa Posta anayetembea kwa miguu hakupata kitu, kwa sababu daraja liko mbali na katikati ya mji. MV Magogoni ilipopelekwa Mombasa kwa matengenezo mwaka 2023, mzigo wote uliangukia vyombo vilivyobaki, na waliokuwa wakidhani pantoni ni ya wengine wakaona foleni za daraja nazo zikirefuka. Mombasa, barabara ya Dongo Kundu inamwezesha mwenye gari kwenda Kwale bila kukanyaga kisiwa, jambo jema, lakini halimpunguzii hata dakika moja yule anayevuka Likoni kwa miguu kila asubuhi.

Ninachokiomba kwa TEMESA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosimamia pantoni, na kwa wenzao wa Likoni ni kile ninachokiomba Dover. Ratiba ya matengenezo makubwa ya kila chombo itangazwe mwaka mmoja kabla, ikiwa na fedha zilizokwisha kutengwa. Chombo cha akiba kiwe kimefika na kimejaribiwa kabla ya kile cha zamani kung'oa nanga. Na tozo ya daraja isipangwe bila kutazama hali ya pantoni siku hiyo: vyombo vikipungua Magogoni, mwenye gari ambaye hana pa kwenda ila darajani apunguziwe tozo mpaka vitakaporudi.